Neno na Nyumba: Kupinda si Kupotoka



Alhamisi ya juma lililopita, baada ya darsa ya Alasiri, mama mmoja wa Mji wa Kale alinijia na daftari la bintiye aliye gredi ya sita. Zoezi lilimtaka mtoto aandike visawe vya neno "pinda". Naye aliandika vinne: kunja, peta, kata kona, potoka. Vyote vilitiwa alama ya sahihi. Mama hakuja kubishana juu ya alama. Alikuja kwa sababu ya kile kisawe cha nne.

"Sheikh," akasema, "baba watoto hamwiti tena mwanawe mkubwa kwa jina. Humwita 'yule aliyepinda'. Nami siku zote humpoza kijana, nikamwambia babako ana hasira tu, kupinda si neno la kumkata mtu. Juzi dadake alikuwa akisoma zoezi lake kwa sauti. Kijana akasikia kwamba aliyepinda ndiye aliyepotoka, na kwamba shule yakubali. Akanyanyuka, akatoka. Tangu usiku huo hulala kwa nyanyake. Nieleze, sheikh: maneno haya mawili ni mamoja?"

Nilimwahidi mambo mawili: kumtafuta kijana, na kulijibu swali katika ukurasa huu, kwa ridhaa yake na bila ya kutaja jina la mtu. Naanza na swali, kwani jibu lake ndilo lililonisaidia nilipofika kwa kijana na kwa babake.

Mwenye kutaka kulijua neno pinda na jamaa zake hana haja ya kwenda mbali. Na asimame mlangoni mwa Ngome ya Yesu, kisha atembee polepole kuelekea Bandari ya Kale, akitaja kila umbo alionalo.

Ngome yenyewe ni somo la kitu kisichopinda. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana aliyekuwa bingwa wa kujenga ngome. Kuta zake zimekatwa kwa mistari iliyonyooka na pembe kali, na sababu yake ni ya kivita. Mnara wa duara huacha mahali mbele yake ambapo mlinzi hamwoni adui. Bali pembe zilizopangwa vyema humwezesha mlinzi wa ukuta mmoja kuulinda mguu wa ukuta wa pili. Ukuta ufikao pembeni haupindi. Hukatika, ukaanza upya upande mwingine. Ndiyo maana hatusemi kuta za Ngome zimepinda. Tukisema hivyo, fundi atadhani zaanguka.

Nje ya kuta hizo kuna neno la pili. Kuzinga ni kuzunguka, na kuzingira ni kukizunguka kitu pande zote. Waomani waliizingira Ngome hiyo tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, mpaka ikawaangukia mikononi. Katika jamaa ya neno hilo tuna mzingo, ndio mpaka wa kitu cha duara. Tuna mazingira, yaani yale yote yatuzungukayo. Na tuna kizingo, mahali njia au mto uzungukapo. Mtaa wa Kizingo, kusini mwa kisiwa chetu, wachukua neno hilo hilo, na wengi wetu hulitamka kila siku pasi na kulisikia.

Sasa tuingie Ndia Kuu. Njia za mji wa Waswahili hazikupigwa kwa kamba. Hufuata nyumba, na nyumba zilifuata ukoo na kiwanja. Kivuli cha ukuta huu kikaangukia ukuta ule, mpita njia akapata nafuu ya jua. Hapa ndipo mahali pa neno pinda. Kupinda ni kuacha unyoofu polepole pasi na kukatika. Njia ipindayo ingali njia ile ile. Aifuataye hafiki kwengine ila kule iendako, hata kama kwa kitambo haoni mbele.

Kuchepuka ni jambo jingine: ni kuiacha njia kuu ukashika kichochoro. Na kukata kona, ambako madereva wa tuktuk wametuzoesha, ni kugeuka kwa ghafla. Kona ni neno la Kiingereza lililokwisha silimu miongoni mwetu, wala sina ugomvi nalo. Ila haliwezi kuifanya kazi yote ya pinda, kwani njia yaweza kupinda tangu mwanzo hadi mwisho na isiwe na kona hata moja.

Ukiinua macho utaona tao, yaani upinde wa jengo juu ya mlango au dirisha. Neno hilo limetoka kwenye mawe likaingia kwenye mwendo wa watu: atembeaye kwa maringo twasema aenda kwa matao. Na karibu na tao kuna maneno mawili yapendezayo kukaa pamoja, kubenuka na kubonyea. Kitu kikitokeza nje kimebenuka. Kikiingia ndani kimebonyea. Itazameni mihrabu ya misikiti yetu ya kale. Aliye ndani huiona imebonyea. Apitaye nje, nyuma ya kibla, huona ukuta umebenuka. Wote wawili wasema kweli, na jiwe ni lile lile. Mume na mke waliogombana wangefanya vyema kuukumbuka ukuta huo kabla ya kumwita mwenzao mwongo.

Hayo ni maneno ya mawe na njia. Yako pia maneno ya mikono, na haya ndiyo aliyoyachanganya mtoto wetu.

Kukunja ni kuleta upande wa kitu juu ya upande wake mwingine. Twakunja mkeka, twakunja nguo, twakunja ngumi, twakunja uso. Kilichokunjwa hukunjuliwa, ndipo tukapata uso mkunjufu na moyo mkunjufu. Methali yetu yasema samaki mkunje angali mbichi, nayo ilichagua neno lake kwa hekima: samaki aliyekauka hakunjiki, huvunjika. Wazazi huishika sehemu ya kwanza ya methali, wakasahau kwamba hiyo ya pili ni onyo kwa aliyechelewa kisha akataka kutumia nguvu.

Kupeta, kwa maana yake ya zamani, ni kukipinda kitu mpaka ncha zake zikaribie kukutana, na wanakamusi huliweka karibu na pete tuivaayo kidoleni. Siku hizi wengi hulijua kwa kupeta mchele tu. Kuinama ni kwa kiumbe chenye kiungo cha kuinamia. Ndiko tukufanyako katika rukuu. Na tazameni adabu ya rukuu: mwili huinama kiunoni, lakini mgongo wenyewe hutandazwa ukawa sawa. Basi katika ibada moja kuna kuinama na kunyooka kwa wakati mmoja, wala kimoja hakikibatilishi kingine.

Pinda nalo lina kazi yake mikononi mwa fundi cherehani. Kanzu haikamiliki mpaka ipindwe. Kanga mpya ikishakatwa, mama huipeleka ipindwe ncha kabla ya kuivaa. Kutokana na pinda tuna upindo wa nguo, tuna upinde wa kurushia mshale, ambao pia huitwa uta, tuna upinde wa mvua. Na ule ukingo wa nakshi uuzungukao mji wa kanga huitwa pindo. Angalieni faida ya pindo: nguo isiyopindwa hufumuka. Kupinda kwa fundi ndiko kulizuiako vazi lisiishe uzi baada ya uzi.

Tukifika hapo, tulitazame neno lililomtoa kijana nyumbani. Kupota ni kusokota nyuzi zikawa uzi mmoja au kamba moja. Potoa na potoka, kwa umbo lake, yasimama mbele ya pota kama chomoa isimamavyo mbele ya choma, na fungua mbele ya funga. Kilichopotoka ni kilichoharibika msokoto wake, hakina tena mkazo wa kuvuta kitu. Hii ndiyo sababu neno hilo likahamia kwenye dini na tabia, likatupa upotofu na upotoshaji. Jirani yake ni kombo, neno la kila kilichotoka katika mstari wake kwa kosa: picha imekaa kombo, mambo yamekwenda kombo.

Basi kitu kilichopinda kingali na nguvu zake, na mara nyingi nguvu hizo zimo katika kupinda kwenyewe. Upinde usiopinda ni fimbo. Kitu kilichopotoka nguvu zake zimekwisha kutawanyika. Kwa macho huenda vikafanana. Kwa kazi ni mbali na mbali.

Wanalugha wa Kiarabu waliliona jambo hili zamani. Walitenga baina ya 'awaj kwa fat-ha, yaani kupinda kuonekanako kwa jicho, kama kwa ukuta au fimbo, na 'iwaj kwa kasra, yaani kombo la maana, lililo katika dini, maneno na nia. Hili la pili ndilo ambalo aya ya kwanza ya Suratul Kahf imelikanusha katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Tofauti ni ya irabu moja tu. Wazee hao hawakuidharau irabu moja, kwa sababu walijua kwamba neno likikosewa, na hukumu nayo hukosewa.

Nilikwenda kumtafuta kijana Ijumaa, baada ya Swala. Nilimkuta pwani, maji yamekupwa, ameshika tezo kando ya mashua iliyolazwa ubavu. Ana miaka kumi na saba. Aliacha shule katika kidato cha tatu ili ajifunze kwa fundi wa mashua, ilhali babake alikuwa amemwekea matumaini ya chuo kikuu na ofisi. Nikamwuliza fundi habari zake. Akaniambia kwamba haukosi msikiti, na kwamba fedha ya kwanza aliyolipwa alimpelekea mamake.

Fundi alikuwa akitafuta taruma, yaani ule mti uwekwao ndani ya chombo kuzishika mbao, mfano wa mbavu za mtu. Mbele yake palikuwa na magogo mawili. Moja lilikuwa limenyooka, zuri la kutazamwa. La pili lilikuwa limepinda tangu lilipokuwa mtini. Akalichukua hilo la pili. Nikamwuliza kwa nini asilichonge lile lililonyooka mpaka likapata umbo atakalo.

Akasema, "Maalim, ukichonga pindo katika mti ulionyooka utaukata nyuzi zake. Wimbi la kwanza litaupasua. Mti uliokua umepinda, nyuzi zake nazo zimepinda, zafuatana mwanzo hadi mwisho. Huu hauvunjiki."

Mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, na mafundi wote wa vyombo katika pwani hii walijua hivyo kabla ya kuwako shule za ufundi. Nami nilisimama pale nikiona haya, kwa sababu nilikumbuka hadithi ambayo kwa miaka mingi niliisema nusu. Ni hadithi mashuhuri ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwanamke na ubavu, kwamba atakayetaka kuunyoosha atauvunja. Katika ujana wangu wa mimbari niliitaja hadithi hiyo kuwaambia wanawake kwamba wamepinda, na wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Sikuwaambia kwa uzito unaostahiki kwamba, katika mapokezi ya Bukhari, hadithi yaanza kwa kuusia wema kwa wanawake na yaisha kwa kuusia wema huo huo. Wanaoonywa ndani yake ni wenye mikono ya kunyoosha. Wala ubavu haukuumbwa hivyo kwa kosa. Ungenyooka, moyo ungekosa kinga, kama chombo kingekosa umbo la kukaa juu ya maji.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili. Mwanao amepinda. Njia yake haikuelekea pale mlipokuwa mkitazama. Lakini hakupotoka, kwani Swala yake ipo, mikono yake ina kazi ya halali, na haki ya mzazi hakuisahau. Nilimwambia kijana naye kwamba kupinda hakumpi ruhusa ya kulikata pindo: babake angali babake, na mtihani wa kidato cha nne si adui wa tezo. Fundi mwenye kujua hesabu na kuandika mkataba haibiwi kwa urahisi. Alisema atafikiri. Sikumsukuma.

Baada ya Isha nilizungumza na baba. Ni mtu mwema, na hasira yake ilikuwa ni huzuni iliyokosa mahali pa kukaa. Akaniambia, "Sheikh, nilipomwita vile nilitaka ajue kwamba nimeumia." Nikamjibu kwamba basi angesema, "Nimeumia," maana Kiswahili kina neno hilo pia. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza amwite vipi. Nikamwambia amwite kwa jina lile alilompa siku ya aqiqa yake.

Sina habari ya kukamilika kwa mapatano. Ninachokijua ni kwamba Jumapili, maji yalipokupwa, mzee mmoja aliteremka pwani akaita jina, na kijana akageuka. Mambo ya shule wangali wakiyazungumza. Lakini sasa wanayazungumza.

Lipo kosa la upande wa pili, nami sitakuwa mwaminifu nikilinyamazia. Kuna nyumba katika mji wetu ambazo kijana amekwisha ingia katika unga, vitu vya nyumbani vyapotea kimoja kimoja, na wazazi husema, "Amekata kona kidogo, atarudi." Hilo nalo ni kulidhulumu neno. Mwenye kutumia unga yuko katika hatari ya dini yake na uhai wake. Kuiita hatari hiyo kona ni kuuchelewesha msaada. Ahitaji matibabu, ahitaji watu wa kumshika mkono, na ahitaji aile wake waseme jina la ugonjwa bila ya kumtukana mgonjwa. Tena wajue kwamba kamba iliyofumuka huweza kupotwa upya. Ndiyo maana ya toba, na mlango wake uko wazi.

Wazazi wenzangu, kabla hatujamtamkia mtoto neno, na tujiulize: je, ameiacha njia, au njia yake ndiyo imepinda mahali tusipopatazamia? Je, amevunja amri ya Mwenyezi Mungu, au amevunja matarajio yangu? Maswali hayo yana majibu mawili tofauti, na lugha yetu imeyawekea maneno mawili tofauti. Tusiyatie katika kapu moja. Na neno kunyoosha, ambalo siku hizi limekuwa jina la kiboko, na tulirudishie heshima yake. Hata chuma hunyooshwa kwa moto na subira, na mhunzi huacha kugonga kinapopoa.

Ama kwa binti yetu wa gredi ya sita, nimemwandikia mwishoni mwa daftari lake, kwa kalamu ya risasi ili mwalimu wake asione kwamba naingilia kazi yake. Nimemwambia kwamba kunja na peta ni jamaa wa karibu wa pinda, kila mmoja na kazi yake. Kata kona ni jirani. Na potoka ni mgeni aliyeingia kwa kufanana sura. Nimemwomba amwulize nyanyake maneno mengine ya namna hiyo, na najua kwamba nyanya anayo mengi kuliko mimi. Nanyi wasomaji, waulizeni wazee wenu juma hili, mtuletee mtakayoyapata.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atuongoze katika njia iliyonyooka, azihifadhi nyumba zetu, na atupe ndimi zenye kutengeneza. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.